Vishubaka Milioni Moja

Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya kikombe, kling, kling, kling, wala hakikomi. Bibi alikisikia akiwa bado kitandani. Akahesabu mizunguko mpaka arobaini, akajua hapo hakuna tena anayetafuta sukari. Sukari huyeyuka kwa mizunguko kumi. Inayozidi yote ni ya moyo.

Nje kulikuwa bado giza. Akavaa sweta juu ya gauni la kulalia, akazipapasa ndara zake kwa vidole vya miguu, akaenda jikoni.

Mjukuu wake alikuwa amekaa mezani mbele ya kompyuta, uso umemgeuka bluu kwa mwanga wake. Nyumba nzima ilimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutambaa, na tangu hapo hakunyamaza ila akiwa amelala au ameumia. Sasa alikuwa amenyamaza, na macho yalikuwa wazi.

"Mke mwenzangu," Bibi akasema, "kama chai imekukosea, imwage. Usiitese."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Mimi."

"Umekufa vizuri basi, hata nywele umechana. Sogea nikae."

Chiriku akasogea. Kijiko kikapata mapumziko.

"Msumeno amejibu," akasema.

Msumeno alikuwa mtu ambaye hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa kiini. Kiini, kama Chiriku alivyomweleza Bibi siku moja wakikunja nguo, ni ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta, kama msingi wa nyumba: hakuna mgeni anayeusifu, lakini ukipasuka wote mnatoka mbio. Watu wa kila pembe ya dunia huandika vipande vya kiini hicho, huviita viraka, na kuvituma kwa barua pepe. Msumeno huvisoma kimoja kimoja, na vingi huvikata. Alikuwa na jina lake halisi, refu na la heshima, lakini Chiriku alimpa hilo la Msumeno tangu barua ya kwanza, na Bibi, ambaye hakulijua jingine, akalichukua kama lilivyo.

Chiriku alikuwa na miezi minane katika kazi hiyo. Viraka vitano alikuwa ameshatuma, vyote vitano vikakatwa. Hiki kilikuwa cha sita, na hakikuwa hata kitu kikubwa. Kilikuwa jaribio tu, la kuhakikisha jedwali fulani la kiini halipotezi vitu.

Jedwali lenyewe Bibi alilielewa haraka kuliko meneja wa Chiriku, na haukuwa muujiza. Bibi alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha dobi cha hospitali. Nguo za wagonjwa zilikuwa zinakuja kwa marundo, kila nguo na namba ya mwenyewe, na ukutani palikuwa na kabati la vishubaka mia moja: safu kumi zilizosimama, kila safu ngazi kumi. Hakuna aliyeisoma namba yote. Ukishika nguo ya mgonjwa 4738, unaziacha namba za mbele ziende zao, unatazama 38 peke yake: safu ya nane, ngazi ya tatu, tupa humo. Mgonjwa akiruhusiwa, unakwenda kishubaka kimoja tu, hupekui hospitali nzima.

"Sasa hiyo ndiyo heshi, Bibi!" Chiriku alipiga kelele siku alipoelezwa. "Jedwali la heshi, kompyuta nayo hutafuta vitu vivyo hivyo! Ulikuwa unaifanya kwa mikono!"

"Nilikuwa naifanya kwa mgongo," Bibi alimjibu. "Mikono ilikuwa inasindikiza."

Na kama vile katika dobi hakukuwa na mwanamke mmoja bali sita, wote wanatupa nguo kwa wakati mmoja na kusukumana viuno, ndani ya kompyuta nako mna vibarua wengi. Wenyewe huwaita nyuzi. Chiriku alikubali kwamba vibarua ni neno zuri zaidi.

Jaribio lake lilikuwa hivi: waachie vibarua wengi kwa pamoja, kila mmoja aingize vitu elfu moja, kisha hesabu. Kilichoingia kiwepo chote. Mara ya kwanza alipoliandika, katika kiraka cha tano, aliliwekea jedwali kikomo cha vitu elfu nne, kwa kuwa kompyuta yake ndogo ilikuwa ikiendesha vibarua wanne. Msumeno akaliendesha kwenye jitu lake lenye vibarua sitini na nne. Kila kibarua akaja na elfu yake. Jedwali likajaa, likafunga mlango, na jaribio likaanguka likilia kwamba jedwali ni bovu, ilhali aliyekosea ni yule aliyewapimia wageni sitini na nne viti vya wanne.

Jumapili iliyofuata Chiriku alimuuliza Bibi, nusu utani, angefanya nini yeye. Bibi hakufikiri hata kidogo. Miaka thelathini na moja alilia vishubaka havitoshi.

"Ongeza vishubaka, mwanangu. Ongeza mpaka waone haya."

Chiriku akaongeza. Akaweka vishubaka milioni moja.

"Haya," Bibi akasema sasa, akivuta kikombe cha chai iliyoteswa na kuinywa yeye. "Kasemaje huyo bwana?"

"Kasema jaribio langu halijaribu kitu."

"Halafu?"

"Halafu nini tena, Bibi? Hiyo haitoshi?"

"Barua yote ina mstari mmoja?"

"Sikuona haja ya kuendelea."

"Soma. Mimi nina haja."

Chiriku akasoma kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu yake mwenyewe. "'Jaribio hili halijaribu kitu. Umewapa vibarua sitini na nne vishubaka milioni moja. Hawatakutana hata wakipeana miadi. Nimelitoa kwa makusudi kufuli la jedwali, lile linalowangojesha vibarua zamu, kisha nikaliendesha jaribio lako mara mia mbili. Mara zote mia mbili limesema kila kitu ni salama. Jaribio linaloisifu nyumba isiyo na mlango, afadhali lisiwepo.' Umesikia? Afadhali lisiwepo."

"Endelea."

"'Mstari wa kumi na tisa ulisahau kurudisha nafasi ya kumbukumbu uliyoazima. Nimeurekebisha, usihangaike nao.' Basi. Mwisho."

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo kwenye usihangaike."

Chiriku akarudia. Bibi akaweka kikombe chini.

"Mara moja ya hilo jaribio ni muda gani?"

"Kama dakika tatu hivi."

"Mia mbili mara tatu. Dakika mia sita. Saa kumi, mke mwenzangu. Mtu amekupa saa kumi."

"Kompyuta yake ndiyo imenipa, Bibi. Yeye alikuwa amelala anakoroma."

"Na kufuli alilitoa nani, jini? Na mstari wa kumi na tisa? Anayekuchukia angekuachia huo mstari ukuaibishe tena wiki ijayo. Mimi nimetukanwa na mabingwa, nakwambia. Kulikuwa na matroni pale, akikusema unatamani sakafu ipasuke. Hakuna hata siku moja aliponifulia shuka kwanza ndipo akanitukana."

Chiriku hakucheka. Akaigeuza kompyuta kidogo ili Bibi aone dirisha jingine. Palikuwa na barua, imeandikwa vizuri, imeshapewa anwani ya meneja wake. *Kwa heshima na taadhima, naomba kuacha kazi.*

"Saa tatu anafika ofisini," Chiriku akasema. "Saa tatu naituma. Viraka sita, Bibi. Hata paka angeshapatia kimoja kwa kukanyaga kibodi."

Bibi akaisoma barua yote, polepole, kwa kidole. Ilikuwa na aya tatu, na katika zote tatu mtoto aliomba radhi.

"Barua nzuri," akasema mwisho. "Mtu atadhani kampuni ndiyo marehemu. Lakini vishubaka milioni ni vyangu. Mimi ndiye niliyekwambia."

"Sio kosa lako, Bibi," Chiriku akajibu, kwa ile sauti laini ambayo watu wenye adabu huitumia pale ambapo kosa ni lako hasa. Akainuka. "Naenda kuoga. Tafadhali usiguse kitu."

Mlango wa bafu ukafungwa, maji yakaanza kudondoka kwenye ndoo.

Bibi akabaki mezani na ile barua ya Msumeno. Mtoto aliuliza swali, na yeye akamjibu kwa kinyongo chake cha zamani na kabati. Sasa mtoto anakwenda kuacha kazi anayoipenda. Anaipenda mpaka huiota, na akiiota hupiga mateke ukuta.

Kuandika alikuwa anajua. Kila Jumapili alimwandikia mwanawe aliyeko mbali, kwa kidole kimoja, na mwana hakuwahi kulalamika. Akatazama chini ya barua. Palikuwa na vitufe viwili, *Jibu* na *Jibu Wote*. Bibi alilelewa kwamba mtu akiingia mahali, husalimia wote, habagui. Akabonyeza *Jibu Wote*, akavuta kiti karibu, akaandika:

*Bwana Msumeno. Kama wewe ni mkubwa kwangu, shikamoo. Kama ni mdogo, marahaba. Mimi ni bibi yake huyu mtoto. Vishubaka milioni moja nilimwambia mimi. Nimefanya kazi ya dobi hospitali miaka 31 na kila siku vishubaka vilikuwa havitoshi, kwa hiyo aliponiuliza nilijibu kwa hasira za zamani. Mtoto ana adabu, akanisikiliza. Ukitaka kukata, nikate mimi, nimeshazoea, nilikatwa vidole viwili na mashine ya kukamua nguo nikarudi kazini baada ya wiki tatu. Ahsante kwa kulijaribu mara mia mbili. Ahsante pia kwa mstari wa kumi na tisa. Yeye hakuuona wema huo kwa sababu machozi yalimziba, lakini mimi nimeuona. Msalimie mama watoto.*

Akaisoma mara mbili, akaona haina tusi, akaituma.

Chiriku alitoka bafuni na taulo kichwani, akaangalia skrini, akaangalia tena, akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

"Bibi. Umefanya nini?"

"Nimemwomba radhi."

"Umebonyeza wapi?"

"Jibu Wote. Si uungwana kumsalimia mmoja."

"Wote ni watu elfu mbili!" Chiriku alikuwa ameshika taulo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kichwa kisiruke. "Hii ni orodha ya barua, Bibi! Kila mtu anayeandika kiini yumo humu! Maprofesa wamo! Na umemwita Msumeno!"

"Kwani anaitwa nani?"

Chiriku akamtajia lile jina refu la heshima.

"Ooh," Bibi akasema. Akafikiri. "Wewe ndiye uliyenifundisha Msumeno."

Kompyuta ikalia ting. Hakuna aliyesogea. Ikalia tena. Mwishowe Bibi akainama akasoma, kwa kuwa Chiriku alikuwa ameufunika uso wote kwa taulo.

"Huyu wa kwanza anasema, 'Miaka kumi na minne nimemtafutia jina, na nyie mlikuwa nalo.' Huyu wa pili anataka kujua ni vidole vipi. Binti huyu, nadhani ni binti, anasema bibi yake naye alikuwa dobi."

"Usinisomee."

"Huyu wa nne ni Msumeno mwenyewe."

Taulo likashuka kidogo, jicho moja likatokeza.

Bibi akasoma. "'Bibi, nina miaka hamsini na mitatu, kwa hiyo shikamoo. Sikujua naitwa Msumeno. Nimemsomea mke wangu, amecheka mpaka akakaa chini, na sasa nyumbani hakuna anayeniita vingine. Nina swali, na ninauliza kweli. Huko dobi, mwanamke mpya alipokuja, mlimjaribuje? Mlimwachia vishubaka vyote mia?'"

Dirisha lilikuwa limeanza kupauka, na kwa jirani mtu alikuwa anafagia.

"Mjibu basi," Chiriku akasema, kwa unyonge wa mtu ambaye hana tena cha kupoteza. "Elfu mbili wanasubiri. Wewe sema, mimi naandika. Kidole chako kimoja kitatufikisha Krismasi."

Bibi akaivuta sweta mabegani. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu, hata marehemu mumewe.

"Hatukuachiwa mia," akaanza. "Palikuwa na nyapara pale, mwanamke mnene, tukimwita Mama Mvuke. Siku ya kuwajaribu wapya alikuja na koleo, akang'oa vibao vyote vya katikati. Safu kumi zikabaki zimesimama, lakini ngazi hakuna. Badala ya vishubaka mia vidogo, tukawa na kumi, virefu kama makabati ya askari. Namba ya mwisho peke yake ndiyo ilikuwa inatazamwa. Nane, nenda ya nane. Tulikuwa sita, kila mmoja akapewa nguo hamsini, akapiga filimbi."

Vidole vya Chiriku vilikuwa vinafuata. "Kumi tu? Kwa wanawake sita?"

"Kumi. Tulikuwa tunapigana vikumbo kama kuku kwenye kibuyu. Niliamini anatutesa. Mpaka leo niliamini hivyo."

"Na hazikumwagika? Nguo mia tatu kwenye kumi?"

"Zimwagike wapi, na vibao amevitoa? Alishapima. Sita mara hamsini, gawa kwa kumi, thelathini kila safu, na kina cha kutosha hata zote zingeangukia upande mmoja. Hakuwa mjinga yule. Alitaka tugongane, hakutaka kabati litushinde."

Vidole vikasimama.

"Bibi. Sema tena hiyo."

"Ipi?"

"Ya mwisho."

"Alitaka tugongane, hakutaka kabati litushinde. Unaandika au unasikiliza? Kuna jambo la aibu linakuja, nisingependa kulisema mara mbili."

"Sema."

"Kila safu ilikuwa na kibao cha chaki. Ukitupa nguo, unasoma namba iliyopo, unaongeza moja, unaandika. Mimi na mwenzangu tulifika safu ya tatu kwa pamoja. Yeye akasoma ishirini, mimi nikasoma ishirini. Akatupa, nikatupa. Akaandika ishirini na moja, mimi nikaandika ishirini na moja juu ya ile yake. Mle ndani mna nguo ishirini na mbili. Mama Mvuke alipohesabu mwisho, nguo moja ilikuwepo na haikuwepo. Akauliza nani. Mwenzangu akanyamaza. Nikasema ni mimi. Nililia chooni mpaka filimbi ya mchana."

"Alikufukuza?"

"Hakusema neno. Kesho yake tulikuta kila safu ina kipande kimoja cha chaki, kimefungwa kwa kamba. Amri ikawa moja: huna chaki mkononi, hugusi safu. Ukikuta mwenzako ameishika, unangoja. Miaka thelathini na moja, haikupotea hata soksi."

Chiriku alikuwa anamtazama Bibi kana kwamba ameota pembe.

"Hilo ndilo kufuli," akasema. "Bibi, chaki ndiyo kufuli! Na kwenye zile milioni zangu, msingefika safu moja kwa pamoja hata siku moja! Chaki ingekuwepo, isingekuwepo, nani angejua?"

"Ndicho anachosema Msumeno toka alfajiri, ila kwake hakuna nguo ndani."

Lakini Chiriku hakuwa anasikia. Ile barua ya kumjibu Msumeno aliituma ilivyo, bila hata kuondoa sehemu ya chooni, kisha akafungua jaribio lake akaanza kukata. Milioni ikaondoka. Mahali pake akaandika kumi na sita.

"Mama Mvuke aliweka kumi," Bibi akakumbusha.

"Kompyuta inapenda kumi na sita, usiniulize. Sasa kikomo. Nisiweke namba yangu kabisa. Iwe idadi ya vibarua, mara mzigo wa kila mmoja. Wakija wanne, elfu nne. Wakija sitini na nne, elfu sitini na nne. Vishubaka vichache, kina cha kuwatosha wote. Nilikuwa nafikiri ukubwa ni kitu kimoja, kumbe ni viwili!"

Aliongea, akaongea, bila kituo. Chiriku alikuwa amerudi. Bibi akainuka akaweka maji mapya ya chai, maana ile ya kwanza alikuwa ameimaliza yeye.

"Kwanza naendesha bila kufuli," Chiriku akasema. "Vibarua sitini na nne, wabanane humu humu kwenye kikompyuta changu. Bila chaki. Ikisema salama, nakunywa sabuni."

Akabonyeza. Hazikupita hata sekunde mbili, skrini ikajaa maandishi mekundu. Chiriku akaruka juu, taulo likaangukia kwenye sinki.

"Imeanguka! Bibi, imeanguka! Tazama! Imetarajia elfu sitini na nne, imepata elfu sitini na tatu, mia nane sabini na moja!"

Bibi akapiga hesabu kichwani. "Nguo mia moja ishirini na tisa zimepotea."

"Ndiyo!"

"Na wewe unacheza."

"Ndiyo!"

"Mungu akusamehe. Wenye nguo wamekaa kitandani uchi, na wewe unacheza."

Chiriku akalirudisha kufuli. Akabonyeza tena, safari hii kwa kidole cha mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto. Dakika zikapita. Bibi alikuwa anatazama maji ya chai, kwa kuwa kumtazama mtoto kulikuwa kunamuumiza.

Elfu sitini na nne. Hakuna iliyopungua.

Akaliendesha mara ya pili, ya tatu, ya nne. Elfu sitini na nne, kila mara. Akarudi tena kulitoa kufuli, likaanguka. Akalirejesha, likasimama. Kisha akakiandika kiraka upya, akatia maelezo juu yake, akayasoma kwa sauti, akayafuta, akayaandika mafupi zaidi, akatuma.

Basi wakangoja. Kungoja nako ni kazi, na haina likizo. Chiriku alikunywa chai bila kuikoroga. Akazianika nguo zilizokuwa kwenye beseni, zote, pamoja na zile ambazo hazikuwa zimefuliwa, na Bibi akamwacha. Jua liliingia dirishani, likapanda mezani, likafika kwenye kibodi. Saa tatu ikaja ikapita. Hakuna aliyeiona. Meneja akafika ofisini kwake, akafungua kompyuta yake, akakuta hakuna kitu kwa heshima wala kwa taadhima.

Ilipolia ting, Chiriku alikuwa na vibanio viwili mdomoni.

"Soma wewe," akasema kupitia vibanio.

"Ni kazi yako. Soma mwenyewe."

Chiriku akatema vibanio, akakaa, akaanza na ule mstari wa mwisho kwa woga, akapanda juu, kisha akasoma kwa sauti tokea mwanzo.

"'Nimeliendesha na kufuli mara mia mbili, kwa mzigo mdogo ili liishe upesi, halikuanguka. Nimelitoa kufuli, limeanguka mara zote. Hili sasa ni jaribio. Nimelikubali.'"

Hakuendelea. Bibi akafika nyuma yake, akamwekea mkono kichwani, ule wa vidole vitatu, kwenye nywele ambazo bado zilikuwa na maji.

"Anasema nimelikubali," Chiriku akarudia.

"Nimesikia. Sasa ile barua ya marehemu."

Chiriku akalifungua lile dirisha jingine. Aya tatu, radhi tatu. Akaifuta bila kuisoma, na alipoulizwa na kompyuta kama ana uhakika, akaijibu kwa neno ambalo Bibi alijifanya hakulisikia.

"Barua ya huyu bwana imeisha?" Bibi akauliza. "Au umeishia tena unapopenda?"

"Bado. 'Lina dosari moja. Kwenye maelezo hukutaja nani amependekeza ukubwa huu. Sisi hapa hatuli kazi ya mtu kimya kimya. Ongeza mstari useme, umependekezwa na Bibi wa dobi na nyapara wake. Nisipouona, nakikata.'"

"Mama Mvuke kwenye kompyuta," Bibi akasema. Akaketi. "Angekataa. Angesema tumwondolee vumbi kwanza."

Chiriku akauandika ule mstari, akauonyesha. Bibi akausoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akaona hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa, akaitikia kwa kichwa. Ukaenda.

"Kuna mstari mmoja umebaki," Chiriku akasema, akijifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Huu sio wangu. Ni wako."

"Nisomee."

"'Bibi, kwa sasa tuna majaribio mengine ishirini na mawili yanayosifu nyumba zisizo na milango, na wenyewe hawataki kuambiwa na Msumeno. Tafadhali, pita tena.'"